Dokezo Sabili Nililoliandika kwa Mkono Wangu

Ninyi vijana mnaoanza kazi za masijala, sogeeni niwaambie, na aliye karibu na mlango aufunge. Siyo kwamba kuna siri. Ni mazoea tu. Miaka yangu mingi ya kazi nimekaa kwenye chumba chenye dirisha dogo la kupokelea barua, na mpaka leo, nikiwa mstaafu hapa Ilomba na kuku wangu na matuta yangu mawili ya mboga, mtu akipiga hodi namtazama mikono kabla ya uso. Kabeba nini? Karatasi? Imekunjwa mara ngapi? Nani kamtuma?

Wiki iliyopita binti mmoja wa kanisani kwetu, kaajiriwa juzi tu, alinifuata baada ya ibada. "Mama Upendo, shikamoo. Eti dokezo sabili ndiyo kitu gani? Bosi kaniambia niandike moja, nikaona aibu kumuuliza."

Marahaba, nikamwambia. Bosi gani? Kakwambia uandike kuhusu nani? Na kwa nini asiandike mwenyewe, hana mkono?

Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo. Nilimpa jibu la haraka pale nje ya kanisa, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani roho haikutulia, kwa sababu neno hilo nalifahamu vibaya sana. Limenikalia miaka mingi. Basi nimeona niliseme lote, nanyi mfanye mnavyojua.

Tuanze na neno lenyewe. Dokezo, ofisini, ni yale maandishi ambayo ofisa anamwandikia mkubwa wake ndani ya jalada: mwananchi ameomba hili, utaratibu unasema hivi, mimi nashauri vile. Limetokana na kudokeza. Kudokeza mnakujua, ni kusema kidogo ukamwacha mwenzio amalizie. Serikali inaendeshwa kwa kudokezana, msishangae. Dokezo la kawaida linakaa upande wake ndani ya jalada, lina namba yake, na ukilichomoa pengo linaonekana kama jino lililong'oka. Dokezo sabili ni karatasi ya peke yake. Unaandika mistari yako mitatu, unaibana na klipu juu ya jalada, au unaipeleka mkononi. Kwetu sisi haikupewa namba ya folio, yaani namba ya ukurasa ndani ya jalada. Leo ipo, kesho haipo.

Na hilo "sabili" je? Aliyenifundisha ni Mzee Bakari, mkuu wangu wa masijala, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku kwenye baridi akiwa kijana na akazeeka akiwa bado anailalamikia. Alisema zamani kwao mtu alikuwa anaweka mtungi wa maji kando ya njia, na kata juu yake. Anayepita anakunywa, haulizi maji ya nani, wala mwenyewe hadai shukrani. Maji hayo ni sabili, yametolewa kwa ajili ya Mungu. Baadaye kitu chochote kilichotolewa bila mwenyewe kukidai kikaitwa hivyo hivyo. Ndiyo maana, alisema, karatasi isiyofungwa popote nayo ikaitwa sabili.

Mimi sikumwamini hivi hivi. Nilimuuliza shehe mmoja aliyekuja kufuatilia kiwanja cha msikiti, akaniambia kwa Kiarabu neno hilo ni njia, basi. Nilimuuliza ofisa utumishi, akasema "ni huru, Mama, ni karatasi huru," akanifukuza. Nilifungua kamusi, nayo ikanizungusha kutoka ukurasa huu kwenda ule. Pengine wote wana ukweli kidogo: njia, halafu maji ya njiani, halafu kitu kisicho na mwenyewe. Nani wa kwanza kulibandika neno la maji ya wapita njia kwenye karatasi ya ofisi sijui, na mtu akikwambia anajua, muulize kama alikuwepo.

Sasa huyo Mzee Bakari. Mimi nilitoka kwetu Igowole na cheti changu cha kidato cha nne na sweta moja, nikidhani kazi ya masijala ni kugonga mhuri. Siku ya kwanza nikagonga mhuri wa IMEPOKELEWA kwenye kadi ya mwaliko wa harusi ya mkurugenzi, nikaipa folio kwa wino mwekundu, nikaifungia kwenye jalada la Majengo kwa sababu ukumbi ulitajwa. Walimtafutia kadi nyingine. Mzee Bakari hakunigombeza. Alinikalisha chini akasema, "Mwanangu, barua usiipokee na mhuri. Ipokee na pua."

Ndivyo alivyofanya. Barua ikija anaigeuza nyuma kwanza. Gundi imefunguliwa ikarudishiwa? Watu walikuwa wanarudishia bahasha kwa uji wa ugali, ukiushika unakwaruza kwenye vidole. Halafu anaangalia tarehe. Kuna mtumishi mmoja alileta karatasi ya daktari ya mapumziko, imeandikwa siku ya Jumapili, na kliniki yenyewe Jumapili haifunguliwi. Halafu anaangalia wino: je, sahihi na maandishi ni kalamu moja? Halafu ananusa. Nilicheka mpaka siku aliponusa barua ya mtu aliyedai ameandika kutoka safarini, akasema, "Hii imelala jikoni, ina moshi wa kuni wa juzi." Mtu mwenyewe alikuwa nyumbani kwake, hajasafiri popote.

Mimi nikalowea, nikampita mwalimu wangu. Sifa zangu zilienea siku ya ile barua ya utambulisho. Kijana mmoja alileta barua ya serikali ya kijiji, imeandikwa vizuri, imegongwa mhuri wa duara. Nikautazama mhuri. Ukingo wake ulikuwa na unyevu, na katikati kulikuwa na kitobo kidogo cheupe. Nikainusa. Nikamwambia, "Kijana, huu mhuri wako unamenywa?" Alikuwa amechonga kiazi mviringo. Kitobo kile ni jicho la kiazi! Ofisi nzima ilikuja kuangalia. Kijana alikimbia akaacha kofia yake kwenye dirisha, na mpaka nahama kile chumba ile kofia ilikuwa imening'inia pale nyuma ya mlango.

Tangu siku hiyo wakaniita Mama Kiazi. Nilijifanya sipendi. Kusema kweli nilipenda sana, nikaanza kutembea kifua mbele. Wakubwa wakawa wananiuliza, "Mama, hii barua unaionaje?" Mimi, binti wa Igowole, karani wa daraja la chini, naulizwa na wenye magari. Nikawa natafuta makosa hata pasipo na makosa, kwa sababu nikisema barua ni safi hakuna anayenisifu.

Hapo ndipo lilipoingia jalada la Mwalimu Ambakisye.

Wakati huo mimi na Mzee Bakari tulikuwa kwenye halmashauri moja ya upande wa Usangu, jina nalihifadhi. Huko bondeni wapo wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao, na shule zao zimeachana mbali. Mwalimu Ambakisye alikuwa Mnyakyusa, mke wake na watoto wakiishi hapa hapa Ilomba. Akashitakiwa utoro. Mkaguzi alikwenda shuleni kwake mara mbili, mara zote mbili akakuta darasa tupu na mwalimu hayupo. Taarifa ikaandikwa kwamba ameacha kituo, bila shaka anakaa mjini na familia yake, na mshahara anachukua. Kamati ikapangwa. Akipatikana na hatia, kazi hana tena.

Siku chache kabla ya kamati, nikaletewa bahasha kubwa ya kaki kupitia dirishani. Ndani kuna barua thelathini na moja za wananchi wa kijiji kile kumtetea mwalimu. Kila barua ina jina lake na dole gumba lake la wino.

Nikazitandaza mezani. Sikuhitaji hata kunusa. Zote thelathini na moja zilikuwa na mwandiko mmoja! Ile "k" yenye mguu mrefu, ile "g" iliyofungwa mkia kama fundo, karatasi moja ya daftari la mistari, kalamu moja ya buluu. Nikasema moyoni, loo, safari hii hawakuchonga kiazi, wamechonga kijiji kizima. Mwalimu kakaa mjini, kaandika mwenyewe barua za kujisifia, au kamlipa mtu, halafu kakusanya madole gumba kwenye kilabu cha pombe.

Nikachukua karatasi. Sikuulizwa na mtu, nisikilizeni vizuri, hakuna aliyeniuliza. Nikaandika: "Barua hizi zote zimeandikwa na mkono mmoja. Nadokeza zisitiliwe maanani mpaka mwandishi ajulikane." Sikuweka jina, niliweka alama yangu ndogo pembeni tu. Nikaibana juu ya jalada, nikalipandisha kwa mkubwa. Dokezo sabili. Mistari miwili, nikaenda kunywa chai.

Kamati ilikaa asubuhi moja tu. Jalada liliporudi masijala, mwalimu alikuwa amefukuzwa kazi. Kwenye uamuzi kuna sentensi moja niliyoisoma kwa majivuno: barua za wananchi hazikuzingatiwa kwa kuwa imedokezwa zimeandikwa na mkono mmoja. Niliona neno langu limeingia kwenye uamuzi wa wakubwa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikamsimulia Mzee Bakari, naye akanigonga bega.

Kama wiki tatu baadaye akaja mwanamke dirishani. Mrefu, amejifunga kitenge juu ya koti la mwanaume, miguu ina vumbi jeupe la bondeni mpaka magotini. Akasalimia kwa lugha yao wafugaji, "Mwangaluka, mama. Shikamoo." Nikaitikia. Akasema, "Naitwa Minza. Barua zetu zilifika? Tuliandika thelathini na moja. Majibu bado."

Masikio yakasimama. Nikamsogelea polepole, kama mtu anayemnyemelea kuku. "Mliandika nani na nani?"

"Mimi."

"Zote?"

"Zote, mama."

Nikajisemea, haya, mwizi kajileta mwenyewe. Nikamkaribisha ndani, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu wa dirishani, nikamvutia kiti. Nikampa karatasi na kalamu, nikamwambia aandike hapo hapo jina lake na kijiji chake. Akainama, ulimi nje kidogo, akaandika taratibu. Ndiyo hiyo hiyo "k" ya mguu mrefu.

"Nani kakulipa?" nikamuuliza.

"Kunilipa nini?"

"Barua thelathini na moja umeandika bure? Kwa nini wenyewe wasiandike?"

Akanitazama kama mtu anayejiuliza kama huyu aliye mbele yake yuko sawasawa. "Hawajui kuandika, mama. Mimi tu ndiyo nilifika mbele. Wengine bado wako kwenye a-e-i-o-u. Kila mtu alikaa hapa," akaonyesha sakafuni kando yake, "akasema maneno yake, mimi naandika. Siku nne. Mkono uliniuma mpaka kukamua nikashindwa, mume wangu akakamua."

"Na nani kakufundisha wewe kuandika?"

"Mwalimu. Huyo huyo mnayesema hayupo."

Nikamwambia anieleze vizuri. Akaeleza. Kiangazi majani yakiisha, familia zinahama na ng'ombe kwenda mbali, kwenye maji, na watoto wanakwenda nao. Shule inabaki na watoto wanane, kumi. Mwalimu akawa anafunga ubao kwenye baiskeli, siku tatu za wiki hao waliobaki anawapumzisha, anawafuata wenzao huko kwenye maboma. Asubuhi watoto, jioni akina mama. Ndiyo maana mkaguzi alikuta darasa tupu. Watoto hawakuwepo shuleni, na mwalimu alikuwa waliko watoto.

Mimi bado nilikuwa nabisha. Nilitafuta pa kumshika. "Sasa kama ni hivyo, si mngeandika barua moja, wote mkaweka dole gumba? Kwa nini thelathini na moja?"

Minza akasema, bila hasira yoyote, "Si wewe ndiyo ulikataa, mama. Kaka yangu alileta barua moja, madole gumba ya watu wote. Ulimwambia hapa hapa dirishani, hii siipokei, kila mtu aandike ya kwake. Akarudi nayo. Ni mwendo wa siku mbili."

Nilikumbuka. Mtu mmoja mwenye blanketi, karatasi chafu, madole mengi. Nilimwambia hawa ni akina nani, nitajuaje kama hujabandika vidole vyako kumi mwenyewe na vya miguu, kila mtu aandike yake. Nikafunga dirisha. Ilikuwa karibu na saa ya chakula.

Minza alipoondoka nilikwenda kabatini, nikatoa jalada, nikakaa sakafuni nikazisoma zile barua. Mnasikia ninachosema? Nikazisoma. Mara ya kwanza sikuwa nimezisoma. Nilitazama mwandiko, karatasi, wino, madole, kila kitu isipokuwa maneno.

Mmoja alisema mwalimu alifika bomani kwake wakati ng'ombe wamekonda, akalala kwenye mkokoteni kwa sababu ndani kulikuwa na mgonjwa. Mmoja, mjane, alisema mwalimu alimsomea kadi ya kliniki ya mtoto, akajua kumbe siku ya kurudi ilishapita. Mwingine alisema ubao ulimponyoka mwalimu akivuka mto, ukaenda na maji, wakaukuta umekwama kwenye matete siku ya pili, na hesabu zimefutika. Halafu kulikuwa na barua ya mzee mmoja, mistari minne tu: "Mimi huyu mwalimu simpendi. Alimchapa mtoto wangu kwa kosa la mtoto wa jirani. Lakini kusema alitoroka ni uongo. Alikuwa huku kila juma na kelele zake."

Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Niambieni ninyi, mtu anayeghushi barua ya kumtetea anaandika hivyo? Nililia pale sakafuni mpaka mhudumu wa chai akanikuta, akadhani nimefiwa.

Nikaenda kwa Mzee Bakari nikamwambia yote. Nilitegemea anikemee. Akatazama mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Lile dokezo lina namba?"

"Halina."

"Basi chomoa. Tia kwenye takataka za leo zikachomwe. Mwalimu akikata rufaa, jalada litakwenda bila hiyo karatasi. Nani atajua ni wewe?"

Nilimtazama mzee wangu. Huyu ndiye aliyenifundisha kuhesabu folio mara mbili asubuhi na mara mbili jioni. Alilisema kwa wepesi mno, kama mtu aliyewahi kulifanya. Nikajiuliza, kwa miaka yote hii humu kabatini zimechomolewa karatasi ngapi? Mzee Bakari amekwishatangulia, Mungu amrehemu, alinilea na nilimpenda, na bado katika hilo namshuku mpaka leo.

Usiku sikulala, nikapiga hesabu zangu. Nikilichomoa, nimejiokoa mimi. Mwalimu simwokoi. Ile sentensi ya kamati, "imedokezwa," inabaki pale pale kwenye uamuzi, na hakuna tena wa kumuuliza nani alidokeza na alijuaje. Wanaosikiliza rufaa watasoma kwamba mkono ni mmoja, nao watafunga jalada kama mimi nilivyofunga dirisha.

Asubuhi nikafika kabla ya wote. Nikachukua kalamu nyekundu, lile dokezo sabili nikalipa namba ya folio, nikalitoboa, nikalifunga kwa kamba ndani ya jalada. Chini yake nikaandika jingine, safari hii na jina langu kamili na cheo: kwamba aliyedokeza ni mimi, kwamba sikutumwa, kwamba mwandishi anaitwa Minza, amefundishwa na mwalimu huyo huyo, na nimemwona akiandika kwa macho yangu, kwamba barua ya pamoja niliikataa mimi dirishani, na kwamba nilitoa ushauri juu ya barua ambazo sikuzisoma. Nalo nikalipa namba. Namba yenyewe ilipinda, ipo hivyo mpaka kesho.

Ofisa utumishi aliniita. "Mama, unajishitaki mwenyewe? Una akili timamu?" Nikamwambia sijui. Nilipewa barua ya onyo, na cheo nilichokuwa nakisubiri akapewa mwingine. Nikahamishiwa stoo ya majalada ya zamani, kwa panya, nikakaa huko mpaka nastaafu. Iliniuma, sitawadanganya. Hakuna aliyeniita tena kuniuliza barua naionaje.

Rufaa ya mwalimu ilichukua miezi mingi. Muda wote huo alikuwa analima viazi kwenye shamba la wakwe zake, mtu wa chaki. Mwishowe jibu likaja: amerudishwa kazini, na onyo la kuondoka kituoni bila kibali. Alikuja mwenyewe kuchukua barua yake. Nikaomba siku hiyo nirudi dirishani, niwe mimi wa kumkabidhi. Alikuwa amekonda, kola ya shati imegeuzwa ikashonwa upya. Akasaini kwenye kitabu, na kabla hajageuka nikamwambia.

"Mwalimu, lile dokezo niliandika mimi."

Aliikunja barua yake, akaitia mfukoni. Halafu akauliza, "Na barua zao ulizisoma?"

"Baadaye."

"Mimi sijaziona. Naweza kuziona?"

Hairuhusiwi. Mnajua na mimi najua, jalada la nidhamu mhusika haonyeshwi. Nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikamwekea jalada mapajani.

Alisoma zote. Alikuwa anapita na kidole chini ya maneno, taratibu, kama anasahihisha. Kwenye barua ya yule mzee asiyempenda alicheka kwa sauti, akasema, "Ni kweli, nilimchapa, nilikosea." Mahali pengine akasimamisha kidole, akanionyesha. "Tazama. Minza ameanza kuweka nukta. Nilimsumbua mwaka mzima na nukta." Halafu akatoa leso akajifuta, akanirudishia jalada, akasema ahsante mama, kwaheri. Hakuniambia amenisamehe na mimi sikumuuliza. Barua aliyoichukua ilisema aripoti Idodi. Huko ni Iringa, njia ya kwenda mbugani. Waliona si vizuri arudi kwenye kituo chenye maneno.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, huyo binti wa kanisani nilimwambia: dokezo sabili ukiambiwa uandike, andika, ni kazi. Ila soma kwanza barua yote mpaka jina la chini, weka na jina lako, kisha lipe namba. Akiona hatari kuweka jina lake, basi asiandike. Na akimshuku mtu, akamuulize mtu huyo mwenyewe akiwa amemkalisha kwenye kiti, kama nilivyomkalisha Minza nikiwa nimeshachelewa.

Miezi miwili baada ya mwalimu kwenda Idodi nililetewa barua huko stoo, yenye jina langu. Karatasi ya daftari, wino wa buluu. Sikuigeuza nyuma, sikuinusa. Nikaisoma.

"Mama, shikamoo. Mimi ni Minza. Tumesikia mwalimu amerudishiwa kazi, tumefurahi sana. Mwaka huu hatukuhamia mbali. Wanaume walikaa kikao wakakubali ng'ombe wabaki karibu na shule, ili mwalimu akija asipate tabu ya baiskeli na wakubwa wenu wakija wamkute darasani. Ng'ombe wamekonda, wanne wamekufa, lakini watoto wote wapo. Tumepaka chokaa nyumba yake. Tunaomba utuambie siku atakayofika, tuje barabarani kumpokea."

Nukta zote zilikuwa mahali pake. Nikachukua karatasi kumwandikia kwamba mwalimu haji, amepelekwa Idodi, na kwamba sababu ni mimi. Nikaandika jina lake. Nikaandika salamu. Hapo kalamu ikagoma, nikaiweka chini. Mpaka leo sijamjibu.